Kila Sauti na Nafasi Yake

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa waliosoma shuleni hapa, mbele ya wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha sita)



Naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi ya kusema nanyi. Mtumishi wa Serikali akisimama katika mkutano kama huu, watu hujitayarisha kusikia habari za mipango na makadirio ya fedha. Leo mtapumzika. Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ninayoifanya jioni na mwisho wa juma tangu nilipokuwa Chuo Kikuu, yaani kuchanganya sauti za muziki uliorekodiwa, hata wimbo usikike wazi na kila sauti ipate uzito unaostahili.

Sababu ya kuombwa mnaijua. Kamati imekusudia kurekodi nyimbo za shule yetu: wimbo wa shule wenyewe, nyimbo za kwaya, nyimbo za mabweni, na zile za mchakamchaka ambazo hazikuandikwa popote. Beti nyingine zimo vichwani mwa wazee wanne au watano tu, na wote wamo humu ukumbini. Fedha zilizochangwa hazitoshi kufanya kila jambo. Wapo wanaotaka tununue spika kubwa za ukumbi, na wapo wanaotaka tuanze na rekodi. Upande wangu nitausema mwishoni. Kwanza niwaeleze kazi yenyewe, ili kila mmoja wetu akinyoosha mkono ajue anachokinyooshea.

Ndugu zangu, kuchanganya sauti ni kazi ya mizani. Zamani bendi zetu za dansi zilipokwenda kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa kawaida wapigaji wote walipiga pamoja katika chumba kimoja. Katika rekodi za namna hiyo mizani hufanywa kwa miguu: mwenye tarumbeta husogezwa nyuma, mwimbaji husogezwa mbele, mwenye tumba huambiwa apunguze mkono. Ikishanaswa, imenaswa.

Baadaye mitambo ilibadilika. Mwaka 1957 kampuni ya Ampex ya Marekani ilimtengenezea mpiga gitaa Les Paul mashine yenye njia 8 katika kanda moja, kila njia ikibeba sauti yake peke yake. Siku hizi kompyuta ya kawaida hubeba njia nyingi kuliko hizo mara nyingi. Besi ina njia yake, ngoma ina yake, mwimbaji ana yake, na fundi huketi baadaye, pengine siku nyingine kabisa, akaamua ipi ipande na ipi ishuke.

Wengi hudhani kwamba njia zikiwa nyingi, muziki utakuwa bora. Sivyo. Beatles wa Uingereza walipotengeneza santuri yao ya Sgt. Pepper, iliyotoka mwaka 1967, walitumia mashine za njia 4, na watu wanaisikiliza hadi leo. Uwazi wa muziki hutokana na sauti kupishana. Hilo ndilo neno langu kubwa leo, na mengine yote nitakayosema ni matawi yake.

Sisi tunaofanya kazi maofisini tunalijua jambo hili vizuri. Ofisi ambayo kila barua ina mhuri wa HARAKA haina barua ya haraka hata moja. Karani hachagui tena, anachukua iliyo juu. Muziki nao ni hivyo. Gitaa likipandishwa ili lisikike, mwimbaji atalalamika. Akipandishwa yeye, mwenye besi atanuna. Ikipandishwa besi, ngoma zitapotea. Mwisho vitufe vyote viko juu kabisa, na hakuna anayesikika. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Mkitaka kujifunza kupishana, sikilizeni rekodi za zamani za DDC Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, au za Msondo, ambayo ilianza kwa jina la NUTA Jazz mwaka 1964. Mle mna gitaa la solo, la pili solo, la rithimu, na besi. Mna tarumbeta na saksafoni. Mna tumba na ngoma. Na waimbaji kadhaa. Ni umati mzima. Walakini maneno unayapata. Kwa nini? Kwa sababu watunzi waliwagawia watu nafasi kabla fundi mitambo hajagusa kitufe. Solo hutembea juu, rithimu hukaa katikati, besi hukaa chini. Mwimbaji anapoimba, tarumbeta hunyamaza. Akivuta pumzi, tarumbeta humjibu. Chemko ikifika, waimbaji hupunguza maneno na magitaa huchukua uwanja. Wimbo uliotungwa hivyo humwachia fundi kazi ndogo.

Sasa niingie katika mambo ya utendaji, hasa kwa faida ya wanafunzi, maana najua wengine mnarekodi kwa simu huko mabwenini.

Jambo la kwanza ni chumba. Sauti husafiri karibu meta 340 kwa sekunde. Mwimbaji akisimama meta 5 kutoka ukutani, sauti yake huenda ikagonga ukuta na kumrudia baada ya kama sehemu 3 za mia za sekunde. Kwa muda mfupi kiasi hicho sikio halisikii mwangwi, linasikia ukungu. Maneno yanavimba, herufi zinashikana. Ukumbi huu wetu, wenye sakafu ya saruji, kuta tupu na paa la bati, ni mzuri kwa hotuba za kugombea ukiranja, lakini si mzuri kwa kurekodi. Dawa yake ni rahisi: magodoro yasimamishwe ukutani, mablanketi yatundikwe nyuma na pembeni mwa mwimbaji. Jambo hili halihitaji fedha, linahitaji bweni moja lililo tayari kulala kwa kuchelewa.

La pili ni maikrofoni. Isogezwe karibu na mwimbaji, kama shubiri moja hadi mbili, ili imsikie yeye kuliko inavyosikia chumba. Zikiwapo maikrofoni mbili kwa waimbaji wawili, umbali kati ya maikrofoni na maikrofoni uwe walau mara tatu ya umbali kati ya maikrofoni na mdomo. Zikikaribiana mno, sauti moja huingia katika zote mbili kwa nyakati zinazotofautiana kidogo, na baadhi ya mawimbi huuana. Hapo mwimbaji husikika kama anayeimba ndani ya mtungi.

La tatu ni kipimo cha kunasia. Mtambo unapowasha taa nyekundu, vilele vya mawimbi vimekatwa, na kilichokatwa hakishonwi kikarudi kama kilivyokuwa. Mwimbaji aimbe ile sehemu yake ya nguvu kuliko zote, kisha kipimo kiwekwe chini ya wekundu kwa desibeli 10 hivi. Sauti ndogo iliyo safi unaweza kuipandisha baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kazi hii hata huo ukuta wakati mwingine haujengeki.

La nne ni mizani yenyewe. Watu wengi hukimbilia vikorombwezo vya kompyuta. Mimi nawashauri mshushe vitufe vyote hadi chini, kisha mwulize swali moja: wimbo huu ni wa nani? Wimbo wa shule ni wa maneno. Basi mpandisheni mwimbishaji kwanza, peke yake, hadi kila neno lisikike. Kisha leteni waitikiaji chini yake kidogo. Kisha ngoma, kisha besi, kisha vinginevyo. Kila kinachoingia kikifunika neno, kinashuka chenyewe, mwimbishaji hapandishwi. Mkishindwa kumaliza kazi kwa vitufe hivyo vya juu na chini tu, mjue kosa liko katika uimbaji au unasaji.

La tano ni masafa. Sauti ni mitetemo. Sikio la kijana mwenye afya husikia toka mitetemo 20 kwa sekunde hadi kama 20,000. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetema mara 41 kwa sekunde. Sauti ya mwanamume mzima anapozungumza huanzia baina ya mitetemo 85 na 180 hivi. Lakini konsonanti, zile zinazotufanya tujue kama mtu amesema “kata” au “pata”, “saa” au “shaa”, nguvu yake nyingi iko juu, katika mitetemo 2,000 na kuendelea. Ndiyo maana mtu aweza kusikia kwamba kuna anayeimba asijue anaimba nini. Mlio umefika, konsonanti zimefunikwa na matoazi na vinanda.

Kuna kifaa mafundi wanachokiita ikwaliza, ambacho hupunguza au huongeza sehemu fulani ya masafa. Kitumieni kupunguza kabla ya kuongeza. Mwimbaji hana kazi chini ya mitetemo 80. Kilichopo huko ni mshindo wa miguu na upepo, kiondoeni. Kati ya mitetemo 200 na 400 hivi ndipo vyombo vyote hukutania, kama watu mlangoni mwa bwalo kengele ya chakula inapolia. Magitaa na vinanda vipunguzwe hapo kidogo. Na kinanda kikigombana na maneno kule kwenye mitetemo 3,000, kinanda ndicho kinachopisha. Hakitakufa. Peke yake kitasikika kimekonda, lakini ndani ya wimbo kitakaa vizuri.

La sita ni kushoto na kulia. Alan Blumlein wa Uingereza aliomba hataza ya mtindo wa kurekodi kwa pande mbili mwaka 1931. Mtindo huo unatupa njia nyingine ya kupishana: mwimbishaji na besi wakae katikati, waitikiaji wagawanywe pande mbili, gitaa moja kushoto na jingine kulia. Ila mkimaliza, unganisheni pande zote ziwe moja mkasikilize tena. Watu wengi watausikia wimbo wenu katika redio ndogo au simu yenye spika moja. Kama kuna sauti inayotoweka pande zinapoungana, kuna mawimbi yanayouana, na hamna budi kurudi nyuma.

La saba ni kompresa na mwangwi. Kompresa hushusha sauti pale inapozidi, kama mzazi anayemshika mtoto mkono njiani: akikimbia anavutwa, akitulia analegezewa. Inafaa kwa mwimbaji anayenong'ona ubeti wa kwanza na kupiga kelele wa pili. Ikizidi, wimbo hukosa pumzi, kila kitu kinakuwa kikubwa sawasawa, na msikilizaji huchoka asijue kwa nini. Debe tupu haliachi kuvuma. Na mwangwi utiwe kwa kiasi cha chumvi. Ukiutambua kwamba upo, umekwisha zidi.

La nane, na hili nawaomba wanafunzi mlishike, ni masikio yenyewe. Mwaka 1933 wataalamu Fletcher na Munson wa Marekani walitangaza vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti inapokuwa ndogo, sikio hupunguza zaidi kusikia milio mizito. Ndiyo maana wimbo wowote ukiongezwa sauti huonekana umependeza: sikio ndilo limebadilika, wimbo ni ule ule. Fundi anayechanganya kwa kelele hudanganywa kila siku. Changanyeni kwa sauti ambayo watu wawili wanaweza kuongea juu yake bila kupaaza, mkipumzika kila saa.

Tena kelele huumiza. Kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda hupungua nusu: desibeli 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1. Desibeli 100, ambazo hupatikana kwa urahisi mbele ya spika za dansi, ni robo saa tu. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Kijana anayetaka kuwa fundi wa muziki na huku anatia vidude masikioni kwa sauti ya juu usiku kucha, anauza jembe lake kabla ya msimu.

Ndugu Mwenyekiti, sasa niseme jambo ambalo baadhi yetu humu tunalijua kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita kikundi cha waliosoma hapa kilikwenda kurekodi nyimbo nne katika studio moja ambayo sitaitaja. Mwimbishaji alikuwa mzee wetu mmoja aliyejua beti zote za wimbo wa bweni lake. Sauti yake ilikuwa nyembamba kwa umri, lakini kila neno lilikuwa mahali pake. Studio ile ikamwekea kinanda juu yake, na ngoma za mashine juu ya kinanda, ili wimbo upate kile walichokiita nguvu. Tulipoomba ufanyiwe upya, na kinanda kishushwe, tuliambiwa kwamba sauti za mmoja mmoja zimekwisha futwa ili kupata nafasi katika kompyuta, na kwamba kilichobaki ni ule mchanganyiko peke yake. Chai ikishatiwa maziwa na sukari, hakuna wa kuyatoa maziwa. Mwaka uliofuata mzee alitutoka. Tunayo rekodi ambayo ndani yake tunamsikia anaimba, na hakuna kati yetu anayeweza kuandika ubeti wa tatu.

Kwa sababu hiyo, katika kazi iliyo mbele yetu, kuhifadhi ni sehemu ya kuchanganya. Kila njia ihifadhiwe peke yake, jinsi ilivyonaswa, bila kukatwa wala kupambwa. Ihifadhiwe kwa mtindo wa WAV, maana ule wa MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo. Nakala ziwe tatu: moja shuleni, moja kwa Katibu wa Chama, na moja nje kabisa ya mkoa huu. Na maneno ya kila wimbo yaandikwe kwa mkono katika daftari, ubeti kwa ubeti, huku mwenye wimbo akiwapo kusahihisha. Tukifanya hivyo, hata kama mchanganyiko wetu wa mwaka huu hautapendeza, wanafunzi mliokaa nyuma mnaweza kuufanya upya baada ya miaka 30, kwa mitambo ambayo leo hatuijui. Mchanganyiko mbaya husahihishika, mradi sauti zenyewe zipo.

Nafika katika uamuzi. Spika kubwa ni kitu kizuri, nami sina ugomvi nazo. Zitatufaa siku ya mahafali na siku ya wazazi. Lakini spika hukuza kilichopo. Tukiwa na rekodi isiyosikika maneno, spika kubwa zitatupa rekodi kubwa isiyosikika maneno. Spika zinauzwa mwaka huu, zitauzwa na mwaka ujao. Wazee wetu, naomba radhi kwa kusema hivi mbele yenu, hawauzwi dukani.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Mosi, fedha zilizopo zinunue maikrofoni mbili nzuri, kifaa cha kuziunganisha na kompyuta ya shule, jozi mbili za hedifoni, na diski tatu za kuhifadhia. Pili, wanafunzi wanane, wawili wawili kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne, wafundishwe kazi hii. Mimi niko tayari kuja kila mwezi kwa nauli yangu mwenyewe. Tatu, tusisubiri vifaa hivyo. Wazee wako nasi hadi Jumapili mchana. Nimekuja na maikrofoni yangu na kompyuta yangu, zimo ndani ya gari. Mwalimu Mkuu ametukubalia darasa la mwisho kule karibu na maktaba, ambalo lina dari na halina bati tupu. Kinachokosekana ni magodoro ishirini na vijana wa kuyabeba.

Ndugu Mwenyekiti, nimehubiri kupishana, kwa hiyo si vizuri niwe ile tarumbeta isiyojua kunyamaza. Kiranja wa bweni aliye tayari kutoa magodoro anione nje mara tu baada ya chakula cha jioni. Tutaanza na mzee aliye mkubwa kuliko wote, na wengine wote tutakaa kimya.